Mashoka Mawili: Kupunguza Miti, Ukame, na Kosa Langu la Mwaka 2018

Mwanzoni mwa mwaka 2018, mito mingi ya nyanda za juu za Kenya iliyozoea kutiririka mwaka mzima ilikuwa imenywea, na mingine ilibaki njia za mawe matupu. Wananchi walilalamika, magazeti yakaandika, na tarehe 24 Februari aliyekuwa Naibu wa Rais, William Ruto, akatangaza kwamba ukataji wa miti katika misitu ya umma na ya jamii umesimamishwa kwa siku 90. Siku hizo zilirefushwa, zikarefushwa tena, hata zikatimia miaka mitano na ushei. Nilikuwa miongoni mwa walioshangilia. Niliandika kwa hamasa kwamba hatimaye serikali imelitua shoka, na kwamba kila mti uliosalia wima ni tone la maji lililookolewa. Leo najisahihisha.

Sijutii kuupigania msitu wa asili. Mau, Nyandarua na Mlima Kenya zilikuwa zimevamiwa na wezi waliovaa sare na wezi wasiovaa sare, na marufuku ya kukata mikarati na mierezi iliyoota kabla ya babu zetu kuzaliwa ilikuwa imechelewa. Kosa langu lilikuwa kuchanganya vitu viwili vinavyoitwa kwa jina moja. Mbali na misitu ya asili, Kenya ina takribani hekta 150,000 za mashamba ya miti ya serikali, ambayo kwa sehemu kubwa ni misaipresi, ambayo asili yake ni Mexico na Amerika ya Kati, na misonobari. Miti hiyo ilipandwa na mkono wa binadamu, kwa mistari, ili ikatwe. Katika shamba la namna hiyo kukata ni sehemu ya kulea.

Hesabu yake ni nyepesi. Miche ikipandwa kwa nafasi ya mita mbili na nusu kila upande, hekta moja huchukua miche 1,600. Hakuna anayekusudia kuvuna miti 1,600 ya mbao katika hekta hiyo. Hupandwa mingi ili isongamane kidogo, inyooke, iyafunike magugu, na impe mlezi wake nafasi ya kuchagua. Kisha hupunguzwa kwa awamu: dhaifu, iliyopinda na iliyogawanyika mashina hutolewa, hadi mia chache zilizo bora zibaki na kunenepa. Mkulima wa karoti kule Kinangop hahitaji mhadhara juu ya jambo hili. Yeye hupunguzia karoti zake zingali changa, na jirani akimwona aking'oa mimea mizima hamwiti mharibifu. Lakini sema mbele ya kamera kwamba unataka kupunguza miti, uone utakavyoangaliwa. Neno lenyewe lina sura ya uhalifu.

Baada ya marufuku kuondolewa mwaka 2023, rafiki yangu aliyesomea taaluma ya misitu alinipeleka katika shamba moja la misaipresi kwenye miteremko ya Nyandarua. Miti ilikuwa katika umri wa ujana wake, ila ilikuwa myembamba kama fito, mirefu isiyolingana na unene wake, na matawi mabichi yalibaki kichwani tu, mfano wa brashi iliyosimamishwa kwa mpini. Chini hapakuota kitu. Tulipofika ukingoni, kando ya barabara, misaipresi ya umri uleule ilikuwa na mashina ambayo mikono yangu miwili haikuweza kuyazunguka. Hakuna aliyeitilia mbolea. Ilikuwa na nafasi ya kutandaza mizizi upande mmoja, basi. Rafiki yangu alinionyesha kisiki cha mti mmoja wa ndani: pete pana karibu na kiini, kisha pete nyembamba zilizobanana hadi kwenye gome. Alinionya nisizihesabu kama miaka, kwa kuwa nchi yetu ina misimu miwili ya mvua na mti waweza kuandika pete mbili au usiandike hata moja. Lakini mpango wake kwa jumla ulisomeka: mti huu ulianza vizuri, kisha ukakosa.

Ukakosa nini? Nilidhani mwanga. Hivyo ndivyo Ulaya ilivyodhani kwa zaidi ya karne nzima. Georg Ludwig Hartig, Mjerumani aliyekuwa mmoja wa waasisi wa taaluma ya misitu, alifundisha katika kitabu chake cha mwaka 1791 kwamba mlezi wa msitu aondoe miti iliyokwisha kuzidiwa tu, na asithubutu kuutoboa mwavuli wa matawi. Ni heri ibaki mingi kuliko michache. Miti, kwa fikra hiyo, hushindana juu, angani, na mshindwa huonekana kwa macho. Mwaka 1904 Mjerumani mwingine, Fricke, alifanya jambo dogo lililotikisa fikra hiyo. Chini ya misonobari mikubwa palikuwa na miche iliyodumaa, na kila mtu alisema kivuli ndicho kinachoiua. Fricke alikata mizizi ya miti mikubwa kuizunguka miche hiyo, bila kugusa tawi hata moja. Kivuli kilibaki vilevile. Miche ikafufuka. Vita vilikuwa chini ya ardhi, na kilichogombewa hasa kilikuwa maji.

Nchini Marekani, James Toumey wa Chuo Kikuu cha Yale alilirudia jambo hilo kwa kuchimba mitaro kuzunguka vipande vya ardhi ndani ya misitu ya misonobari ya New Hampshire. Miongoni mwa waliofanya kazi katika uwanja huo alikuwa kijana kutoka Afrika Kusini, Ian Craib, ambaye utafiti wake kuhusu unyevu wa udongo ndani ya msitu ulichapishwa na Yale mwaka 1929. Nasisitiza asili ya swali lake kwa sababu wengi wanaomtaja Craib humkumbuka kama mtu wa mbao nene na faida ya haraka. Kabla ya mbao alianzia kwenye udongo mkavu.

Aliporudi kwao alikuta mambo mawili kando kwa kando. Katika mashamba ya serikali, misonobari ya kigeni ililelewa kwa kanuni za Ulaya: ilisubiriwa hadi isongane na kudhoofika ndipo inayokufa iondolewe. Na huko Natal, wakulima wa miwati, ambao biashara yao ilikuwa magamba ya kulainishia ngozi, walikuwa wakifanya kinyume. Mbegu za miwati huchipua kwa maelfu baada ya moto kupita, na wakulima waliipunguza mapema, ingali michanga, kwa ukali ambao ungemtia Hartig homa. Miwati yao ilistawi. Mwaka 1934 Craib aliandika kwamba siri ilikuwa hapo: usingoje miti ipigane ndipo uamue ugomvi, punguza kabla ugomvi haujaanza. Katika nchi ambayo mvua ni chache na haina ahadi, kungoja ni kuilaza njaa miti yote ili usikosee kuchagua.

Wenzake wengi walimwona mharibifu. Mwaka uliofuata, katika mkutano wa misitu wa Dola ya Uingereza uliofanyika Afrika Kusini, mtaalamu mwingine, O'Connor, alipendekeza majaribio yaliyokuja kuwa maarufu: kupanda miti 2,965 katika hekta, kisha kuipunguza kwa viwango tofauti kabla haijaanza kusongana, kiwango cha chini kabisa kikiwa miti 124 tu. Majaribio hayo yalionyesha kwa vipimo kile ambacho wakulima wa miwati walikijua kwa mikono. Shamba lenye miti mingi hutoa ujazo mkubwa wa ukuni kwa jumla. Shamba lililopunguzwa hutoa miti mikubwa na yenye nguvu. Lazima uchague unataka kipi, na usipochagua ukame utachagua kwa niaba yako.

Sitaki historia hii ionekane safi kuliko ilivyokuwa. Maarifa haya yalikomaa katika nchi ambayo sheria ya ardhi ya mwaka 1913 ilikuwa imewafungia Waafrika katika sehemu ndogo ya ardhi yao wenyewe, na mashamba hayo ya miwati yalikuwa juu ya ardhi hiyohiyo iliyonyang'anywa. Mikono iliyoshika mapanga haikutajwa katika ripoti. Ninapomsifu Craib nakumbuka kwamba alichokiona Natal kilikuwa kazi ya watu ambao majina yao hatunayo.

Uhusiano wetu na Afrika Kusini katika jambo hili ulianza mapema kuliko Craib. Mwaka 1907 David Hutchins alikuja kusimamia misitu ya Kenya ya kikoloni baada ya kufanya kazi India na katika Rasi ya Tumaini Jema. Ni bwana huyu aliyepigania miti ya kigeni inayokua haraka, na aghalabu husahaulika kwamba takriban miaka 20 kabla ya kufika kwetu alikuwa amechapisha kitabu kizima kuhusu mizunguko ya ukame na misimu mizuri huko Afrika Kusini. Mtu aliyetuandalia mashamba ya miti alikuwa mtu aliyeogopa kiangazi. Mwaka 1910 ukaanzishwa utaratibu wa shamba: mkulima asiye na ardhi hupewa kipande cha msitu uliokatwa, hupanda viazi na mahindi yake katikati ya miche ya serikali, huipalilia miche hiyo, na miti ikiinuka huhamishiwa kipande kingine. Kwa serikali ilikuwa kazi ya bei nafuu mno. Kwa mkulima ilikuwa chakula bila hati. Baada ya Vita Kuu ya Pili mashamba hayo yalipanuliwa sana, na ratiba za kupunguza miti zikaandikwa, mkono wa Craib ukionekana ndani yake.

Na kuhusu maji yenyewe, hatukuwa gizani. Katika miaka ya 1950, watafiti wa Afrika Mashariki chini ya Charles Pereira walianza kupima mabonde ya mito, mojawapo likiwa Kimakia, kusini mwa safu ya Nyandarua. Mianzi ilifyekwa, mboga zikalimwa katikati ya miche ya misonobari, na maji ya kijito yakapimwa mwaka hadi mwaka, yakilinganishwa na bonde la jirani lililoachwa na mianzi yake. Miche ilipokuwa michanga, kijito kilipata maji zaidi. Misonobari ilipoinuka na kufunga mwavuli wake, matumizi yake ya maji yakakaribia yale ya mianzi. Afrika Kusini nayo, katika bonde la Jonkershoek ambako vipimo vilianza miaka ya 1930, ilikuta kwamba kupanda misonobari mahali palipokuwa na vichaka kulipunguza maji ya mito. Mti ni mnywaji. Msitu wa asili juu ya chemchemi hulinda udongo, huilaza mvua ardhini taratibu, na sijui mtu mwenye akili anayetaka kuuondoa. Lakini shina la 1,600 la msaipresi katika hekta iliyosahaulika halilindi kitu ambacho shina la 400 halingekilinda. Linakunywa tu.

Kwa hiyo kufikia uhuru tulikuwa na ratiba, tulikuwa na vipimo, tulikuwa na wakulima waliozijua njia za msituni. Jambo la nne, ambalo vitabu vya misitu hulitaja kwa haya, ni mnunuzi. Mti unaotolewa katika upunguzaji wa kwanza ni mwembamba, haupasuliwi mbao. Asipopatikana wa kuununua kwa kuni, nguzo au karatasi, gharama ya kuukata huwa kubwa kuliko thamani yake, na hakuna idara iliyo tayari kutumia fedha kwa ajili ya faida itakayoonekana baada ya miaka 15, waziri wa sasa akiwa amekwisha kustaafu. Kiwanda cha karatasi cha Webuye kilikuwa mnunuzi wa namna hiyo. Kilipofungwa mwaka 2009, tuliwalilia wafanyakazi na mji wao, na ilikuwa haki tuwalilie. Sikumbuki mtu yeyote aliyesema kwamba mashamba ya miti nayo yamepoteza mlezi.

Nguzo nyingine zilikuwa zimeanguka kabla ya hapo. Utaratibu wa shamba ulipigwa marufuku mwishoni mwa miaka ya 1980, baada ya kugeuzwa mlango wa kujigawia misitu. Ulirudi kwa jina jipya baada ya sheria ya misitu ya mwaka 2005. Mwaka 1999 ukataji katika mashamba ya serikali ulisimamishwa kwa wengi, huku viwanda vikubwa vichache vikiachwa viendelee. Katikati ya marufuku moja na nyingine, ulizuka ujanja ambao kila mkazi wa kando ya msitu anaujua: kibali husema kupunguza, lori hubeba miti minene. Mwenye kupunguza kwa haki huondoa mti mwembamba na kuuacha ulio bora. Mwizi huondoa ulio bora na kuacha vibaki, kisha karatasi zote mbili hugongwa muhuri mmoja. Jopo lililoundwa mwaka 2018 lilipotoa ripoti yake Aprili mwaka huo, liliukemea ufisadi katika usimamizi wa misitu kwa maneno makali kuliko nilivyotarajia kutoka jopo la serikali.

Hapa ndipo naelewa kwa nini nilishangilia, na kwa nini wengi walishangilia. Ukiwa barabarani, mashoka haya mawili hufanana. Yana mlio mmoja, na magogo hupita katika lori moja. Dola isiyoweza kumwamini mtumishi wake amtie mti mwembamba alama ya rangi na kuuacha mnene, haina budi kuchagua kati ya kuibiwa na kutofanya lolote. Ilichagua kutofanya lolote, nasi tukapiga makofi, kwa sababu kutofanya lolote kulifanana na kuokoa.

Kisha ikaja miaka ambayo jaribio hili lisiloandikwa popote lilifanyika. Kuanzia mwisho wa mwaka 2020, misimu mitano ya mvua mfululizo ilikosa kutimia katika Pembe ya Afrika, ukame mbaya kuliko wowote katika miongo minne. Tunaukumbuka kwa mizoga ya ng'ombe wa Marsabit na Wajir, na ndivyo inavyopasa. Lakini Laikipia na Kieni pia zilikauka, mashamba ya miti yakiwa jirani, na mashamba hayo yaliingia katika kiangazi hicho yakiwa yamesongana kuliko ilivyokusudiwa, shoka likiwa limefungiwa ghalani kwa amri.

Mti uliokosa maji huziba vinyweleo vya majani yake ili usikauke, na kwa kufanya hivyo hujinyima chakula. Ukizidiwa, mirija inayopandisha maji ndani ya shina huingia hewa na kukatika, kama mpira wa kumwagilia uliopasuka. Mvua ikirudi, mti huo hauamki kesho yake. Unapaswa kwanza kujenga mirija mipya kwa akiba uliyobaki nayo. Ndiyo maana wanaotafiti suala hili siku hizi hawaulizi tu kama mti ulinusurika, bali ulirudi lini katika ukuaji wake wa kawaida. Mwaka 2016 Julia Sohn na wenzake walichapisha uchambuzi uliokusanya majaribio mengi ya aina hii. Kwa miti ya jamii ya misonobari, faida kubwa ya kupunguza ilionekana baada ya ukame: iliyopewa nafasi iliinuka upesi kuliko iliyosongana. Wadudu na kuvu nao wanajua tofauti hiyo. Nani amesahau vidukari wa msaipresi walioingia Kenya mwaka 1990 na kuziacha ua nzima za Limuru zikiwa na rangi ya kutu?

Wala dawa hii haina nguvu ya milele. Anthony D'Amato na wenzake, waliochunguza misonobari ya Minnesota iliyopimwa kwa miongo kadhaa, walikuta kwamba upunguzaji ulisaidia ilipokuwa michanga, lakini ilipozeeka, ile iliyoachwa kwa nafasi kubwa mno ilikuwa na miili mikubwa inayohitaji maji mengi, ikawa ndiyo inayoumia zaidi. Upunguzaji hurudiwa, hupimwa, na huwa na wakati wake. Hilo ndilo linaloiumiza nchi inayotawaliwa kwa marufuku. Kitalu kilichokosa zamu yake hakiwezi kulipwa deni lote kwa siku moja: ukikifungua ghafla baada ya miaka kumi ya msongamano, upepo wa Agosti utailaza ile miti mirefu isiyo na unene, na gazeti litaandika kwamba kupunguza ndiko kulikoiua.

Tarehe 2 Julai 2023, akiwa sasa Rais, Ruto aliiondoa marufuku aliyoitangaza mwenyewe, kwa hoja kwamba miti iliyokomaa haiwezi kuachwa ioze msituni huku vijana wakikosa kazi na nchi ikiagiza mbao. Suala hilo likafikishwa mahakamani. Mabishano yakarudi palepale: kukata au kutokata. Niliyafuata kwa makini, magazetini na redioni, nikingoja mtu wa upande wowote aitaje miti ya umri wa kati, ile isiyofaa kwa mbao wala haijafikia kuoza. Sikumsikia.

Siku ile Nyandarua tulitoka msituni saa kumi alasiri. Njiani tulipishana na lori lililobeba magogo, mazito, ya misaipresi iliyokomaa, kila gogo likiwa na namba yake na alama ya nyundo ya serikali. Rafiki yangu alilihesabu shehena kwa macho, akasema kila kitu kilionekana halali. Nilimuuliza kuhusu kitalu tulichotoka. Alisema alikuwa ameyazunguka mashina mengi kadiri alivyoweza, akitafuta alama ya rangi, na hakuiona hata kwenye mti mmoja.